Ushangi Tabukashvili na Watu wa Wilaya ya Samkhevi

Tarehe 30 Septemba 2024, Batono, yaani Bwana kwa Kigeorgia, Ushangi Tabukashvili anastaafu rasmi baada ya kulitumikia jumba letu la makumbusho kwa miaka arobaini na mmoja. Alianza kazi mwaka 1983 akiwa na suti moja ya kahawia, masharubu mengi, na sauti ambayo haijapata kuhitaji kipaza sauti mpaka leo. Masharubu yamepungua. Sauti ipo palepale, na sisi wa vyumba vya jirani tunaweza kutoa ushahidi.

Mkurugenzi ameniomba mimi, Makvala Tsiklauri, mtunza nyaraka, niandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe. Alisema hakuna anayemfahamu Batono Ushangi kuliko mimi, kwa kuwa kwa miaka thelathini na minne tumetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Ni kweli. Kupitia ukuta huo nimesikia kila aliposifiwa. Nitaandika kwa haki, lakini naomba msomaji ajue mapema kwamba mwandishi ana wivu, na wivu wenyewe si wa kuficha chini ya mto. Nautaka ukumbi wake. Nimeutaka tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zenyewe bila msaada wa duka. Na ninapoanza ukurasa huu sijui kama nitaupata, kwa sababu mkurugenzi ameamua kwamba mrithi atatajwa na Batono Ushangi mwenyewe, na Batono Ushangi kila akiulizwa hutazama dirishani na kusema bado anafikiria.

Ukumbi wenyewe ni Ukumbi wa Wilaya ya Zamani, ule wa ghorofa ya pili wenye jiko la vigae. Wilaya ya Samkhevi iliundwa na serikali ya mfalme wa Urusi, na makao yake makuu yalikuwa hapa mjini kwetu. Mkuu wa wilaya alikaa kwenye nyumba ile yenye roshani ya mbao ambayo siku hizi inauza simu. Wabolshevik walipokuja waliifuta wilaya, wakaikata mapande matatu, na tangu hapo Samkhevi haipo kwenye ramani yoyote inayouzwa. Lakini mwulize bibi yeyote sokoni ametoka wapi. Hatakutajia mkoa wala jimbo. Atakuambia yeye ni mtu wa Samkhevi, na atakuambia kwa kidevu kilichoinuliwa.

Tatizo la Samkhevi ni watu wake. Mwaka 1897 serikali ya mfalme ilihesabu watu katika himaya yote, na makarani wakapita vijiji vyetu wakiuliza lugha ya mama na dini. Hawakuuliza wewe ni nani. Sasa huku kwetu kulikuwa na Wagiriki waliosali Kigiriki na kugombana Kituruki. Kulikuwa na Waarmenia wa Kikatoliki waliozungumza Kigeorgia kitamu kuliko Wageorgia wa mjini. Kulikuwa na Waazeri wa malishoni, Warusi waliofukuzwa kwao kwa sababu ya imani, Wajerumani wa mashamba ya mizabibu kule bondeni, na Wageorgia ambao kila mmoja alikuwa wa ukoo wa kitawala kwa maelezo yake mwenyewe. Karani maskini aliandika alichosikia. Matokeo yake, hakuna tarakimu ya Samkhevi ambayo haijawahi kupigiwa meza.

Hapo ndipo Batono Ushangi alipojipatia jina. Kabla yake, ukumbi ulikuwa na jedwali moja ukutani, lenye idadi na asilimia, ambalo wageni walilipita wakielekea chooni. Yeye alileta mitungi mirefu ya kioo, mmoja kwa kila jamii ya watu, akaijaza nafaka: punje moja kwa watu kumi. Ukiingia mlangoni unaiona wilaya nzima imesimama kwenye mstari, mrefu kwa mfupi, kama familia inayopigwa picha. Tarakimu za kujazia mitungi zilitoka kwenye kabati langu la nyaraka. Nalitaja hilo kwa sababu halijawahi kutajwa.

Mwanzoni kila jamii ilikuwa na nafaka yake. Wageorgia aliwapa maharage mekundu, Waazeri njegere kubwa, Waarmenia dengu. Haikupita wiki, ukaja ujumbe wa Waarmenia ukiongozwa na Razmik, kinyozi wa pale stendi, akiwa bado na taulo begani.

"Batono Ushangi, sisi ni dengu?"

"Dengu ni chakula cha wafalme, Razmik."

"Basi wape wafalme wako dengu, sisi tupe maharage! Hebu tazama huo mtungi wetu, umeishia magotini. Mama yangu kaja kuutazama jana, kalia njia nzima. Anasema tumekwisha."

Ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya, kuwapanga watu kwa nafaka bila kufikiria ukubwa wa punje. Mtu mwingine angeona aibu. Batono Ushangi alimkumbatia Razmik, akaagiza maharage kwa wote, ya rangi tofauti, kisha akakaa siku tatu akisuluhisha ugomvi wa rangi. Wageorgia walichukua mekundu yenye madoa. Meupe walipata Wajerumani. Meusi hakuna aliyeyataka, kwa hiyo akawapa maofisa wa mfalme, kwa kuwa hao hawapo kulalamika. Gazeti la mkoa lilichapisha picha yake akiwa katikati ya mitungi. Bega langu linaonekana upande wa kushoto.

Kisha ikaja ile baridi ya miaka ya tisini, ambayo wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Umeme hakuna, mkate ni foleni ya kuanzia alfajiri, mshahara ni karatasi zisizonunua kiberiti. Tulihamia sote kwenye ukumbi wake kwa sababu ya lile jiko, tukawa tunachoma viti vya ukumbi wa mapinduzi. Siku ya tatu bila chakula cha maana, Batono Ushangi alisimama mbele ya mitungi akavua kofia.

"Ndugu zangu," alisema, "hawa wamelisha majeshi ya watu wa kila namna, na hakuna aliyewahi kuwaambia asante. Sisi tutawaambia."

Tuliila wilaya. Tulianza na Wagiriki, tukafuata Warusi, na Wageorgia tukawabakiza mwisho kwa sababu ndio waliokuwa wengi. Nilipika mimi. Kitunguu kilikuwa changu, majani ya giligilani makavu yalikuwa yangu, na vidole vilivyoungua ni hivi ninavyoandikia. Yeye alifanya nini? Aliinua kikombe cha maji ya moto, kwa kuwa divai haikuwepo, akawaombea watu tunaowala, kijiji kwa kijiji, kwa majina, mpaka maharage yakapoa. Watu walilia, wakala, wakalia tena. Leo mji mzima unasimulia habari za baridi ile ambayo Ushangi aliwalisha wafanyakazi wa makumbusho. Alilisha! Yeye aliinua kikombe. Sufuria niliinua mimi.

Masika yalipofika mitungi ilikuwa mitupu, na ukumbi ulionekana kama nyumba iliyohamwa. Batono Ushangi akabandika tangazo mlangoni kuomba maharage, na sharti moja: kila nyumba ilete kwa ajili ya mtungi wa watu wengine, si wa watu wake. Alijua akiacha kila mtu ajaze wa kwao, mitungi ingefurika mpaka barabarani. Ilikuwa miaka ambayo huko ng'ambo ya mpaka Waarmenia na Waazeri walikuwa wanapigana. Razmik kinyozi alikuja na mfuko wa maharage akaumimina kwenye mtungi wa Waazeri, akarudi zake stendi. Siku iliyofuata mama mmoja wa Kiazeri wa malishoni akajaza wa Waarmenia mpaka shingoni, akapigapiga kioo kwa kiganja yashuke ili aongeze. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, na nakiri ni jambo zuri kuliko yote yaliyofanyika katika jengo hili. Nilikasirika wiki nzima kwamba halikutoka kichwani mwangu.

Tangu hapo hakuna aliyenihitaji. Wageni wanatoka Athene, Yerevan, Stuttgart, Krasnodar, wanatafuta kijiji cha babu, na kila simu inayoita inapitia mezani kwangu kwanza.

"Naomba Batono Ushangi."

"Ametoka kidogo. Mimi ni Makvala, mtunza nyaraka. Hesabu ya kijiji chenu ninayo hapa, nyumba kwa nyumba. Naweza kukusaidia."

"Hapana, asante, mama. Nitasubiri."

Hilo neno "nitasubiri" nimelisikia katika lafudhi za nchi zote. Wanasubiri, naye anafika amechelewa, kwa kuwa Batono Ushangi hajawahi kufika kazini kwa wakati tangu Muungano wa Kisovieti uvunjike, na wala hakuwa akifika kwa wakati kabla ya hapo. Wanamletea jibini, asali, pombe kali ya zabibu kwenye chupa za maji, na zile kamba za jozi zilizochovywa kwenye urojo wa zabibu. Rafu yake inatoa harufu ya harusi. Yangu inatoa harufu ya karatasi. Hesabu yake, niseme ukweli, ni ya kubahatisha. Akiulizwa wilaya ilikuwa na watu wangapi husema "wengi, na wote wakaidi," wageni wanacheka, halafu mimi natokeza kichwa mlangoni na kutaja idadi kamili, na hakuna anayecheka.

Siri yake ni swali moja, na si siri tena kwa kuwa nimelisikia kupitia ukuta mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu. Mgeni huingia kifua mbele. Anataka ithibitishwe kwamba watu wake ndio waliokuwa wa kwanza, ndio waliokuwa wengi, na wengine wote walikuja kuomba maji. Batono Ushangi habishani naye. Anamvutia kiti, anamimina chai, na kumuuliza: "Mama wa bibi yako alitoka kijiji gani?" Basi. Hakuna mtu wa Samkhevi aliyeulizwa swali hilo akamaliza kikombe cha tatu bila kuhama angalau mtungi mmoja. Wengi hutoka wakiwa na macho mekundu na namba ya simu ya mtu waliyemchukia asubuhi.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika pale mwezi Agosti mwaka huu shinikizo la damu lilipomweka kitandani, nami nikapata nilichokuwa nakitaka. Walikuja dada wawili kutoka Thessaloniki, wajukuu wa Wagiriki wetu, wameletwa na Gocha, dereva wa hapa mjini. Hawakuweza kusubiri; ndege yao ilikuwa kesho yake. Niliwapandisha ukumbini. Nilikuwa nimevaa mkufu.

Walitaja kijiji chao. Gocha, aliyekuwa ameambiwa abaki nje, akaingilia.

"Samahani, dada zangu. Kijiji hicho ni cha kwetu. Kanisa lile ni la Kigeorgia, mawe yenyewe yanasema."

"Kanisa walijenga babu zetu!" alisema dada mkubwa.

"Babu zenu walilipaka chokaa."

Nikatoa tarakimu. Nilidhani tarakimu zitawatuliza, kwa kuwa mimi hunituliza. Nikawasomea Wagiriki wangapi, Wageorgia wangapi, lugha gani, dini gani. Dada mdogo akasema makarani wa Kirusi walikuwa waongo. Gocha akasema afadhali wangekuwa waongo, walikuwa walevi. Kelele ikapanda mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nilisimama pale na makaratasi yangu mkononi, nikijua kwamba ng'ambo ya mji, kitandani kwake, yupo mtu ambaye angelimaliza hili kwa buli moja la chai. Sikutaka kulitumia swali lake. Wallahi sikutaka. Lilinitoka kwa chuki.

"Gocha," nilisema. "Mama wa bibi yako alitoka kijiji gani?"

"Nani, mimi? Mimi ni Mgeorgia pande zote nne."

"Sijakuuliza pande. Nimekuuliza mama wa bibi."

Gocha akavua kofia, akajikuna. "Alikuwa... tulikuwa tunamwita bibi Patho. Jina lake zima lilikuwa Parthena."

Dada wote wawili walipiga kelele kwa pamoja. Parthena! Hakuna Parthena asiye wa kwao. Baada ya nusu saa Gocha alikuwa ameketi katikati yao wakimwonyesha picha kwenye simu, amepata binamu wa hospitalini na shangazi wa bandarini, na ananiuliza mimi, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, kwa nini mama yake hakumwambia. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimeufungua ukumbi peke yangu. Ndipo dada mkubwa akanishika mkono, macho yamejaa machozi, akasema, "Batono Ushangi amekufundisha vizuri sana."

Nilitabasamu. Mlinzi ananiambia haikuonekana kama tabasamu.

Walipokuwa wanateremka ngazi, dada mdogo aligeuka akaniuliza kwa heshima, "Na wewe, kalbatono? Mama wa bibi yako wewe?" Nikamjibu kwamba kwetu ni Wageorgia watupu, juu mpaka chini, hakuna cha kutafuta.

Jioni nilimsimulia mama. Mama yangu, Lamara, ana miaka themanini na minane, na alikuwa mezani anavunja jozi. Nilidhani atacheka kisa cha Gocha. Alicheka kweli, lakini nilipofika kwenye jibu langu la mwisho alizidi kucheka, mpaka akaweka nyundo chini.

"Muulize Ushangi," alisema.

"Nimuulize Ushangi nini?"

"Habari za bibi yako."

"Nimuulize Ushangi habari za bibi yangu mimi?"

"Anazijua. Nilimwambia zamani. Ulikuwa umekwenda Tbilisi kwenye semina, akapita hapa kuleta asali. Siku hizi huja Jumapili, ukiwa sokoni. Tunakunywa kahawa."

"Mama! Mimi ndiye mtunza nyaraka wa wilaya nzima!"

"Ndiyo, mwanangu," alisema mama, akachukua jozi nyingine. "Lakini yeye aliniuliza."

Nani humuuliza mama yake mwenyewe swali la makumbusho? Nawauliza wasomaji wote. Mama huulizwa kama amekunywa dawa, kama amefunga gesi, kama kodi ya maji imelipwa. Hayo nimemuuliza kila siku ya maisha yangu, na hakuna Ushangi aliyewahi kumuuliza hayo.

Nilitoka vilevile na ndala, nikavuka mji. Mke wake, Tsiala, alinifungulia mlango, akaniangalia uso, akasema, "Makvala, nakuomba. Daktari amesema asipandishwe damu."

"Mimi yangu nani ataishusha?"

Alikuwa ameegemea mito mitatu, amevaa soksi za sufu mwezi wa nane. Aliponiona tu alijua. "Amekuambia," alisema.

"Hajaniambia kitu. Ameniambia nikuulize wewe. Haya, nakuuliza, Batono Ushangi. Bibi yangu alikuwa nani?"

Basi akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. Bibi yangu Rusudani alizaliwa Rosina, kwenye yale mashamba ya Wajerumani bondeni. Aliolewa na babu yangu kabla ya vita. Mwaka 1941, vita na Ujerumani vilipoanza, serikali ya Kisovieti ilipowapakia Wajerumani wote kwenye malori kuwapeleka uhamishoni Kazakhstan, yeye aliachwa kwa sababu mume wake alikuwa Mgeorgia. Alisimama kando ya barabara na mama yangu, mtoto wa miaka mitano, wakitazama malori yakipita. Kwenye mojawapo alikuwapo dada yake. Dada hakuita. Bibi hakuita. Mama yangu, ambaye alikuwa mtoto na hakuelewa, aliinua mkono kumpungia mama mdogo, na bibi akaupiga ule mkono ushuke. Baada ya siku hiyo kukawa na Rusudani tu, aliyesuka mkate wake kama nywele za msichana na kutuambia ndivyo unavyosukwa kila mahali.

"Mama yako aliniambia bado anausikia ule mkono," alisema Batono Ushangi. "Akaniapisha kwa mkate na divai nisikuambie wewe. Alisema wewe utaandika."

Niliketi kwenye kiti chenye nguo zake. Nililia, nakiri. Na kwa kuwa nalia vibaya, niliendelea kugomba hukohuko.

"Miaka yote hiyo umekaa ukuta wa pili, unamjua bibi yangu kuliko mimi. Unaniona napita na makaratasi yangu. Hukuona hata aibu?"

"Aibu niliona," alisema. "Lakini sitakudanganya, Makvala. Raha kidogo pia niliona."

"Raha?"

"Wewe unayo kila karatasi ya wilaya hii. Kila nikiropoka mbele ya wageni, unatokeza kichwa mlangoni na tarakimu. Wao wananicheka mimi, wanakuamini wewe. Umewahi kuona wanavyoandika kila unachosema? Mimi hawaniandiki, mimi wananisikiliza tu. Kitu kimoja nilikuwa nacho ambacho wewe huna. Nilikishika kwa mikono miwili."

Tsiala alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji, hajui ampe nani.

"Na ukumbi?" nilisema. "Miezi mitatu unatazama dirishani."

"Ukumbi ni wako, mama we. Nimpe nani, mlinzi? Ni wako tangu ulipopika." Akageuza uso ukutani. "Nikishasema tu, simu itaanza kuita upande wako. Watasema, naomba Kalbatono Makvala. Nami nitakuwa hapa na soksi. Nilitaka nibaki nao kidogo."

Hivyo ndivyo nilivyoupata ukumbi nilioutaka. Mkurugenzi amekwisha kusaini. Nilitegemea wivu utanitoka kama homa inavyotoka, nikapata kuandika sehemu hii kwa moyo mweupe, lakini haujatoka. Umebadilisha kiti tu. Nilikuwa namwonea wivu kwa wageni, sasa namwonea kwa zile kahawa zote za Jumapili ambazo mama yangu alikuwa anaongea na mimi niko sokoni nachagua nyanya.

Jumapili iliyopita sikwenda sokoni. Nilichemsha kahawa, nikaketi kwenye kiti ambacho sasa najua huwa ni chake, nikamuuliza mama yangu kuhusu mama yake. Alinitazama mikononi kuona kama nina kalamu. Sikuwa nayo. Akaanza kusema, na akasema mpaka kahawa ikachemshwa tena, na mengine aliyosema hata Batono Ushangi hayajui. Hayamo katika wasifu huu na hayatakuwamo katika nyaraka.

Kwa niaba ya mkurugenzi na wafanyakazi wote, tunamshukuru Batono Ushangi kwa miaka arobaini na mmoja ya kuifanya wilaya iliyofutwa iendelee kuwa na watu. Tunamshukuru pia Kalbatono Tsiala, aliyetuazima mume wake kwa muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Leo mezani Batono Ushangi mwenyewe ndiye atakayeongoza maombi ya vikombe, ingawa ni sherehe yake na haifai, kwa kuwa tulipomwambia apumzike alitukasirikia. Tunawaomba wageni wale chakula kabla hajaanza.

Batono Ushangi, uwe na afya, usingizi mzuri na damu iliyotulia. Mlango wa makumbusho ni wako siku yoyote, na ukifika umechelewa hatutashangaa. Atakayepiga simu na kusema atasubiri, nitampa namba ya nyumbani kwako, naapa. Kijiji chochote utakachosahau, idadi yake ninayo. Njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, njoo na jibini. Jumapili tu kaa kwako na Tsiala. Jumapili mama yangu ana mgeni.